Siku Bwana Mifugo Alipoacha Kusalimia

Mtu akitaka kumjua mbunge wetu, Makarius Machibya, asianzie kwenye mabango ya kampeni. Bado yapo kwenye kuta za mtaa wetu wa Makanyagio, lakini jua limeyafifisha mpaka limebaki tabasamu bila mtu. Aanzie kwenye Hansard, ile taarifa ya Bunge inayoandika kila neno linalosemwa ukumbini. Mimi huisoma kwenye simu maharage yakiwa jikoni. Machibya ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na tangu zamani napenda kusoma vitu ambavyo watu wengine wameshavitupa.

Humo atajifunza mengi. Atajua kwamba Mungu ni mwema na Spika anaendesha kikao kwa hekima. Atajua kwamba Mzee Salvator wa Sibwesa, ng'ambo ya mto, amepona mguu. Atajua kwamba kwaya ya huko imeshona sare mpya, kwamba Egide fundi baiskeli amepata mapacha, na kwamba Nyamizi, mke wa mheshimiwa, ni mwanamke mvumilivu kuliko wote walioumbwa. Kitu kimoja tu hatakijua, nacho ni kile ambacho jimbo letu linakitaka, kwa sababu hapo ndipo kengele ya muda hulia.

"Mheshimiwa Spika, baada ya shukrani hizo chache, sasa naomba nijielekeze kwenye mto Kabulungu. Mheshimiwa Spika, mto huu..."

"Kengele ya pili hiyo, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja."

Siku ile hoja yenyewe ilikuwa ya uvuvi wa bahari kuu. Sisi wa Katavi bahari tunaiona kwenye kalenda. Lakini Machibya alikuwa anautembeza mto wake kwenye kila wizara, akitafuta mlango utakaofunguka. Aliupeleka kwenye afya, akaupeleka kwenye elimu, mwaka mmoja akaupeleka hadi kwenye michezo. Kote huko alifika mlangoni, akasalimia, muda ukaisha kabla hajakaribishwa kuketi.

Wenzake walimpenda. Akisimama, wengine walisogeza viti nyuma na kusikiliza kama watu wanaosikiliza redio ya jirani. Mmoja aliwahi kumwambia kwenye mgahawa wa Bunge, "Machibya, jimbo lako nalijua kuliko langu. Yule mama wa upasuaji anaendeleaje?"

"Anatembea sasa," Machibya akajibu kwa furaha, na akaongeza habari za mumewe.

Msimcheke sana. Huyu hakuzaliwa mwanasiasa. Wazazi wake walitoka kaskazini na ng'ombe wao, wakishuka taratibu kufuata majani, na yeye alikulia mgongoni mwa safari hiyo. Alipomaliza chuo cha mifugo alipewa pikipiki, kiboksi cha barafu cha kubebea chanjo, na eneo ambalo mwisho wake hakuna aliyewahi kumwonyesha. Alizunguka miaka mingi boma kwa boma. Mpaka leo wapiga kura wake wengi hawamwiti mheshimiwa. Wanamwita Bwana Mifugo.

Kazi ile ilimfundisha jambo moja. Ukifika kwenye boma la Msukuma ukauliza ng'ombe kabla hujauliza watoto, utarudi na chanjo yako ikiwa imeyeyuka. Ukifika kwenye nyumba ya wakulima wenye asili ya Burundi, ukasema shida yako kabla ya amahoro, ile salamu yao ya amani, na habari za shamba na habari za kanisani, watakusikiliza vizuri sana na hawatafanya chochote. Watu hawa wawili, wafugaji na wakulima, hawashirikiani mambo mengi. Wanagombania mipaka ya mashamba, wanasengenyana vyakula. Lakini kwenye kusalimiana ni ndugu. Na kwa wote wawili yupo mtu mmoja tu anayeruhusiwa kuingia uani na kusema alichojia bila salamu. Huyo ni mleta habari za kifo. Ukimwona mtu anakuja moja kwa moja, uso chini, bila hodi ya maana, unaanza kutafuta kitu cha kushikilia.

Kwa hiyo Bwana Mifugo alisalimia, akachanja, akasalimia tena. Alipogombea, mpinzani wake aliahidi matrekta. Yeye alisimama jukwaani akataja watu mmoja mmoja, na baba zao, na ng'ombe wao aliowaokoa. Alishinda kabla hajafika kwenye sera.

Halafu kuna jambo la Mzee Salvator, ambalo kila nikilifikiria maharage yangu huungua.

Salvator alikuja nchini kutoka Burundi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alikulia kwenye makazi ya wakimbizi, akaoa, akazeeka, na uraia ulipokuja ulimkuta ana mvi. Maisha yake yote jina lake lilikuwa la kuitwa kwenye foleni. Siku Machibya aliposema ndani ya Bunge la Tanzania, "namshukuru mzee wangu Salvator wa Sibwesa," redio ikisikika kwenye kibanda cha Egide, yule mzee hakupiga makofi kama wengine. Aliuliza tu, "Wameandika?"

"Wanaandika kila kitu, mzee," Egide akamwambia.

"Hata jina?"

"Hata jina."

Akaenda nyumbani bila kuaga. Siku hizi watu husema alikwenda kulala tu, lakini mkewe alimwambia Nyamizi kwamba alikwenda kuvaa shati jipya.

Tangu hapo kila mtu alitaka kutajwa. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Machibya kama mvua. Usimsahau mama Imakulata. Mtaje shemeji yangu, tumegombana, tunataka kupatana. Alikuwa hana moyo wa kukataa, na dakika za Bunge hazivutiki.

Mto nao haukungoja. Kabulungu kiangazi ni mchanga na madimbwi, lakini masika yanapokolea huja mwekundu, umebeba magogo. Zahanati iko upande huu. Ng'ambo kuna vijiji vyenye watu wanaougua na kujifungua kama watu wengine. Masika yaliyopita, Aurélie, mkamwana wa Séverine, alishikwa na uchungu akapelekwa kwenye baiskeli mpaka ukingoni, na hapo ndipo safari ilipoishia. Alijifungulia kwenye majani, dereva wa bodaboda asiyemjua akiwa ameshika mwavuli juu yake na kutazama pembeni kwa adabu. Mtoto alipona. Watu walicheka baadaye, kwa sababu dereva alizimia yeye. Séverine hakucheka.

Séverine ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima mpunga ng'ambo, mwanamke mrefu, mkavu, anayesema polepole. Machibya alipokuja kufanya mkutano kabla ya Bunge la bajeti, akiwa ndiyo kwanza yuko kwenye salamu, Séverine alisimama.

"Bwana Mifugo."

"Naam, mama."

"Tumeshiba."



"Tumeshiba salamu. Mwaka wa kwanza ulitusalimia. Mwaka wa pili ukatusalimia. Aurélie ana mimba nyingine. Huyu naye utamsalimia akiwa kwenye majani?"

"Mama, mto nausema kila mara..."

"Hujausema. Mimi nasikiliza redio mpaka betri inakufa. Unafika kwenye 'mto huu' unakaa chini. Mto huu umefanya nini? Spika anajua umefanya nini? Anaweza akafikiri unausifia."

Watu walicheka, na Machibya akacheka nao, lakini jasho lilikuwa limemtoka. Akasema mbele ya wote kwamba kwenye bajeti ya ujenzi atausema mto Kabulungu mwanzo mpaka mwisho, na akishindwa, asionekane tena kwenye jukwaa lile kuomba kura.

"Lakini na sisi utatutaja?" Salvator akauliza kutoka kwenye kiti chake.



Wiki ile tulisikia mazoezi. Nyumba zetu zimegusana, na Nyamizi si mtu wa kunong'ona. Alimsimamisha mumewe uani, mahali kuku wanaponywea maji, yeye akakaa kwenye kigoda akiwa na mwiko na mfuniko wa sufuria.

"Haya. Spika nimekuita."

"Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi hii. Kwanza kabisa..."

Mwiko ukagonga mfuniko.

"Mama Sikujua! Hata sijaanza."

"Ndiyo maana. Rudi. Sema mto."

"Mheshimiwa Spika, awali ya yote..."

Mfuniko.

"Mungu tu! Nimshukuru Mungu tu!"

"Mungu mshukuru hapa nyumbani, anasikia. Rudi."

Binti yao Sikujua, ambaye anasoma ualimu, alikuwa amekaa mlangoni akicheka mpaka akajifunika khanga. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilimwona Machibya akivuta pumzi, akafumba macho kama mtu anayetaka kuchomwa sindano, akasema, "Mheshimiwa Spika, mto Kabulungu," kisha macho yakafunguka, yakaniona juu ya ukuta.

"Shikamoo, dada," akasema. Kwa umri ni kaka yangu, na shikamoo nilipaswa kutoa mimi. Alikuwa amebanwa na salamu mpaka hakuchagua.

Mwiko ukagonga.

Akaenda Dodoma. Siku ya bajeti ya ujenzi nilikwenda kuangalia televisheni kwa Nyamizi. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni kana kwamba yeye ndiye atakayesimama. Wakaitwa wabunge wengine, wakashukuru, wakapongeza, wakashukuru tena. Ndipo Spika akasema, "Mheshimiwa Makarius Machibya," na tukaona ukumbini watu wakisogeza viti nyuma.

Machibya akasimama. Uso ulikuwa chini. Sauti ilitoka ndogo, imekauka.

"Mheshimiwa Spika, nasimama kwa jambo moja zito."

 Sikuwahi kumsikia hivyo. Alisema kuna mto unaoitwa Kabulungu. Alisema masika unagawa jimbo lake vipande viwili, na kipande kimoja hakina zahanati. Alisema mwanamke amejifungulia kwenye majani akiwa anaona bati la zahanati ng'ambo, na ana mimba nyingine. Alisema mpunga unaolimwa huko unauzwa kwa bei ya mtu asiye na njia ya kutoka. Alisema haombi barabara ya lami, haombi taa, anaomba daraja moja ambalo mama anaweza kuvuka kwa miguu yake. Kisha akakaa.

Spika alitazama saa. "Mheshimiwa Machibya, muda wako bado."

"Nimemaliza, Mheshimiwa Spika."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Mpeni maji!" Ukumbi ukacheka, lakini cheko lilikatika lenyewe, kama watu walioshtuka kwamba walikuwa wanasikiliza.

Nyamizi hakucheka wala kulia. Alifungua khanga, akaifunga upya. "Amesema," akaniambia. "Jirani, amesema."

Hapo simu yake ikaita.

"Pole sana, mama Sikujua," sauti ya kike ikasema, na nyuma yake niliweza kusikia watu wengi.

"Pole ya nini?"

"Jikaze tu. Tuko njiani kwenda kwa mama mkwe wako."

Simu ikakatika. Ikaita nyingine. Pole. Nyingine tena. Pole, Mungu ndiye mpangaji. Nyamizi akakaa chini sakafuni. "Nani?" akaniuliza mimi, kana kwamba ningejua. Tulimpigia Machibya. Simu ilikuwa imezimwa, maana alikuwa bado ukumbini.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa baadaye na watu wengi, na kwa mara ya kwanza wote wanakubaliana. Kibandani kwa Egide walikuwa wamejaa, kila mmoja akisubiri jina lake. Spika akamwita. Badala ya "nakushukuru" ikaja ile sauti kavu, bila salamu, bila Mungu, bila hata mke. Nasimama kwa jambo moja zito. Egide, ambaye ni mtu mwenye adabu, alinyoosha mkono akazima redio, kama unavyofanya habari ya kifo ikiingia nyumbani. Wakainamisha vichwa. Hakuna hata mmoja aliyesikia neno la pili.

Séverine peke yake ndiye aliyesema, "Washa tusikie." Wakamtazama kama mtu anayekula kwenye mazishi.

Mama mzazi wa Machibya, Bibi Milembe, anakaa upande huu wa mto, kwenye boma la mwanawe wa kwanza. Alikuwa anapeta mahindi alipowaona watu wanakuja. Wa kwanza walibeba unga, waliofuata wakaleta kuni, kisha kuku. Wale wa ng'ambo walifika wamelowa mpaka mapajani, viatu mkononi, kwa kuwa maji yalikuwa hayajapungua vizuri. Wafugaji walileta maziwa, wakulima wakaleta maharage. Katika miaka yote ya mashamba na mipaka, sijui kama waliwahi kukaa mkeka mmoja namna ile.

"Nani amefariki?" Bibi Milembe akauliza.

"Hatujui, mama. Mwanao amesimama kusema Bungeni, akashindwa kusalimia."

"Hakusalimia?"

"Hata Mungu."

Bibi Milembe akaweka ungo chini. Alijua amemlea mtoto gani. Akavua kilemba, akakaa kwenye vumbi, akaanza kulia pamoja nao, huku akiwahesabu wanawe kwa vidole. Kila aliyefikiwa akapigiwa simu, akapatikana mzima, lakini msiba haukupungua, kwa sababu mtu wa kukosekana angeweza kuwa yeyote.

Mchana ulikuwa umepoa Machibya alipotoka ukumbini na kuwasha simu. Alikuta dunia nzima inampa pole. Alimpigia mama yake, Mzee Salvator akapokea.

"Mzee, hakuna aliyekufa!"

"Hakuna?"

"Hakuna kabisa! Wote wazima!"

Salvator akageuka akawatangazia. Wakashukuru Mungu. Kisha wakakaa wanatazamana, na kuku wameshachinjwa.

"Kama hakuna aliyekufa," Salvator akasema kwenye simu, "kwa nini hukusalimia?"

"Nilikuwa nausema mto."

"Mto gani?"

"Mto wenu, mzee! Kabulungu! Nimeusema wote, mwanzo mpaka mwisho!"

"Hatukusikia. Tulizima."

Kilio cha kweli cha siku ile, nadhani, kilikuwa Dodoma, kwenye ngazi za Bunge, bila mkeka wala maharage. Mtu amejikaza mara moja katika maisha yake yote, na wale aliojikaza kwa ajili yao walikuwa wamezima redio.

Chakula hakikutupwa. Walikula, na inasemekana ulikuwa msiba mzuri.

Alipokuja jimboni, Machibya alifikia kwenye mkutano ambao haukuwa na ngoma wala vigelegele. Walikaa kwa makundi. Kuna waliosema wametiwa mkosi, kukalia matanga ya mtu aliye hai. Egide alilalamika kwamba mapacha wake walitakiwa kutajwa wanapofikisha mwaka, na mwaka umepita. Machibya alijaribu kuwaambia aliyosema. Walimsikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtu anayekusimulia ndoto.

"Na walikujibu nini?" Séverine akauliza. Alikuwa ameketi mbele kabisa, Aurélie pembeni yake, tumbo limeanza kuonekana.

"Waziri alinijibu alipokuwa anahitimisha. Wapimaji watakuja kabla ya mvua. Wakileta vipimo, daraja litaangaliwa bajeti ijayo. Lakini alisema nisilale. Nisimame tena mwakani, nidai."

"Alisema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe." Akasita, kisha akamgeukia Salvator, akitaka kumfurahisha. "Hata wewe alikutaja, mzee. Waziri!"

Salvator akanyoosha mgongo. "Waziri alinitaja mimi?"

"Jina kamili."

"Alisemaje?"

Hapo Machibya akaona alikojipeleka. Lakini hajui kudanganya. "Alisema... leo hatukubahatika kusikia habari za Mzee Salvator wa Sibwesa, lakini tumeusikia mto wake."



"Alisema kwa wema?"

"Kwa wema, mzee."

"Watu walifanya nini?"

Machibya alitazama viatu vyake. "Walicheka."

Mimi nilikuwa nimekaa na Nyamizi kwenye benchi la pembeni, na niliona uso wa yule mzee. Haukukasirika. Ulifanya kitu kama nyumba inapofungwa dirisha moja. 

"Kumbe siku zote walikuwa wanacheka," akasema.

"Hapana, mzee..."

"Nyamaza, mwanangu. Nimeuliza nimejibiwa." Akainuka taratibu. "Nyie, nisikilizeni. Mimi nilipenda kutajwa. Nani hapendi? Lakini Séverine alikuwa anasema na sisi tukamwona hana adabu. Huyu mtoto tumempa mzigo wa majina, halafu tunamuuliza kwa nini hajabeba mto." Akamtazama Machibya. "Mwakani ukisimama, mimi niache. Sema mto. Ukimaliza mto, kaa."

"Na sisi?" Egide akalia. "Mzee, wewe umetajwa mpaka na waziri, unatufungia mlango!"

Watu wakacheka, na hapo ndipo mkutano ulipopata uhai. Mfugaji mmoja mnene, Manyanda, ambaye Machibya alimwokolea dume lake mwaka wa ukame, akasema yeye yuko tayari kukaa bila kutajwa mpaka daraja liishe, ila wajenzi wasichelewe, maana si mtu wa kuvumilia sana. Imakulata akasema upasuaji wake umeshapona, hauna haja ya kusomwa. Mmoja mmoja wakajitoa, kama watu wanaoshuka kwenye lori ili lipande mlima. Egide alikuwa wa mwisho. "Basi," akasema, "lakini mapacha wawekewe alama."

Walinyoosha mikono, wote. Walikubaliana na jambo jingine pia, ambalo lilipendekezwa na Séverine: akisimama mwakani, hata akianza na sauti ya kaburini, mtu asiguse redio.

Machibya alisimama, akaanza kuwashukuru kwa majina. Nyamizi akamtikisia kichwa kutoka kwenye benchi, naye akatii.

Mkutano ulifungwa mapema, kwa sababu wale wa ng'ambo walitakiwa kuvuka kukiwa bado kweupe. Kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, mbunge wetu aliwasindikiza mpaka majini. Gari lake lilibaki juu ya ukingo. Alivua viatu na soksi, akakunja suruali, na kwa muda akasimama akitazama maji kama anayekutana na mtu waliyepoteana siku nyingi. Kiangazi kilikuwa kimeanza, lakini katikati mkondo bado ulivuta.

Wanawake waliingia kwanza, vikapu kichwani. Aurélie alishikwa mikono pande mbili. Salvator alikuwa anajiandaa kukunja suruali yake juu ya mguu ule uliopona, Machibya akachuchumaa mbele yake.

"Panda, mzee."

"Mheshimiwa, utaanguka."

"Nimebeba ndama wazito kuliko wewe."

"Ndama hawapigi kura," Salvator akasema, akapanda.

Wakaingia. Nikawaona kutoka juu, mimi na Nyamizi, yule mtu wa makamo akipapasa mawe kwa nyayo ambazo zimesahau mawe, na mzee juu yake ameshika shati jeupe kwa ngumi mbili. Katikati maji yalifika kwenye mapaja, akayumba. Kutoka ng'ambo Séverine alipiga kelele, "Kushoto! Kuna shimo hapo! Kushoto, Bwana Mifugo!"

Akaenda kushoto. Akasimama tena, akavuta pumzi, akapima kwa macho maji yaliyobaki, kisha akaendelea kuvuka bila kumsalimia mtu.